Ramani Apanda Mlima

Kosa la kwanza katika hadithi hii ni langu, na nalikiri mapema ili nipate kuwacheka wengine kwa raha. Nilikuwa saluni namsubiri mke wangu amalize kukaushwa nywele, nikamsikia mwenye saluni na rafiki zake wawili wakipanga kwenda kupanda mlima wakati wa likizo. Kwenda, kulala huko kwenye mahema, kupanda tena, mpaka kileleni. Walikuwa wanatafuta mtu wa kwenda nao na kuwabebea mizigo. Nami, kwa domo langu lisilo na kufuli, nikasema, "Si mumchukue Ramani? Hakuna njia asiyoijua."

Utani mtupu. Ramani aliitwa hivyo kwa sababu alijua kila uchochoro ambao watu aliowaudhi hawapiti. Mlima aliujua kwa picha ya kalenda. Mahali pa juu kabisa alipowahi kufika ni ghorofa ya nne, na huko alipanda kwa lifti.

Kumbe mwenyewe alikuwa pale pale mlangoni, anajitazama kwenye kioo cha bure. Masikio yakamsimama. Akawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Madamu mwenye saluni, hereni zake za dhahabu zinaning'inia kama taa za ukumbini. Sindano, fundi cherehani wa duka la jirani, kamera shingoni. Na Nesi wa zahanati ya mtaani, mpole, kimya, anatafuna karanga. Simu zao tatu zimelala mezani, za maana zote. Ramani akameza mate.

"Hamjambo dada zangu? Nimesikia mlima unatajwa, mwili wote ukanisisimka."

"Unaujua?" akauliza Madamu.

"Kuujua? Ule mlima ukipata mafua, mimi huku nakohoa."

"Na mizigo je? Wapagazi wote msimu huu wameshachukuliwa."

"Mizigo nabeba mimi. Yote! Nikiwepo mimi mwanamke habebi hata kijiko. Ndio wosia alioniachia marehemu mama."

Marehemu huyo anauza mkaa mtaa wa pili, ana afya kutushinda sisi wote.

Nesi akaacha kutafuna. "Yote?"

"Yote, dada."

Wakatazamana. "Basi tumepata mtu," akasema Nesi, akarudi kwenye karanga zake.

Mpango wa Ramani ulikuwa mwepesi. Awafikishe mbali na watu, wakishalala achukue begi lenye vitu vya thamani, atoweke nalo, wabaki wanaulizana nani kamwona nani. Kazi ya kitoto.

Kilichokuwa kizito ni mzigo. Asubuhi ya safari walimpakia masufuria, majiko ya gesi, mchele, viazi, na mahema makubwa ya kijani ambayo yangemfaa tembo na familia yake.

"Mbona mahema yenyewe makubwa hivi?" akauliza.

"Tunapenda nafasi," akajibu Nesi.

Njia ilikuwa na mishale myeupe iliyochorwa kwenye mawe. Kila penye njia panda Ramani alisimama, akafumba macho, akanusa upepo kama mbwa wa polisi, kisha akafumbua jicho moja na kufuata mshale.

"Kiongozi," Sindano akauliza, "mti huu unaitwaje?"

"Huo? Huo ni mti wa mlimani."

"Na ule?"

"Ule ni mwenzake."

Jioni walipopiga kambi, Ramani alikuwa hoi, lakini moyo ulimdunda kwa furaha. Leo leo! Hapo ndipo Madamu alipomsogelea, akavua hereni moja.

"Nitunzie, mdogo wangu. Huku zinanasa kwenye matawi."

"Bila shaka dada. Na ya pili?"

"Ya pili imegoma, sikio limevimba. Tukifika kileleni Nesi ataitoa kwa mafuta, nitakukabidhi."

Sindano naye akamletea mkoba wa kamera, mtupu. "Kamera yenyewe nitakupa nikishapiga picha za kileleni." Nesi akamletea chaja tatu. "Simu tutakupa huko juu. Mtandao hakuna, za nini kutulemea?"

Wakaingia kulala, wakakoroma kwa sauti tatu tofauti. Nje, kijana wetu akakaa na mali zake. Hereni moja utamuuzia nani, mwenye sikio moja? Chaja bila simu ni kamba. Akazigeuza, akazipima mkononi, akatazama njia, akatazama hema. Mwisho akasema moyoni, "Mtu mwenye heshima zake haibi nusu." Akajifunika, akalala.

Siku iliyofuata ndiyo aliyojutia kuzaliwa na mgongo. Njia ilisimama wima kama ukuta, mvua ikanyesha, mchele ukalowa ukazidi uzito. Wale dada walipanda mikono mitupu, vibegi vidogo tu mgongoni, wanaimba, wanasengenya watu. Ramani hakutazama tena mishale wala miti. Alitazama visigino vya Nesi vilivyokuwa mbele yake, basi.

"Kiongozi, mbona unapumua kama cherehani bovu?" akauliza Sindano.

"Nasoma... upepo... dada."

"Unasemaje?"

"Unasema... tupumzike."

"Mwambie tutapumzika juu."

Kwa kuwa hakuna refu lisilo na mwisho, wakafika. Kileleni palikuwa na kibanda cha mbao chenye kufuli, na kibao: ASKARI WA MSITU. Ramani akatua mzigo, akajitupa chini kama nguo ya kufua. Pumzi iliporudi, alinyoosha kiganja.

"Haya dada zangu. Hereni. Kamera. Simu. Niwatunzie."

Hakuna aliyempa kitu. Madamu alikaa kwenye jiwe karibu naye, akazungumza kwa upole.

"Mdogo wangu, saluni kwangu wanakuja wateja wa kila namna. Wapo ambao wakishapendeza wanasema wanakwenda mara moja dukani, ndio kwaheri. Zamani nililia. Siku hizi nikimnusa mteja wa hivyo, namsuka upande mmoja tu, halafu naomba malipo. Nusu kichwa hakikimbii."

Ramani akatazama hereni moja mkononi mwake. Akaielewa.

"Mlijua lini?"

"Pale pale mlangoni," akasema Sindano. "Mpagazi wa kweli anauliza malipo kabla hajauliza jina. Wewe ulikubali kubeba mizigo ya watu wote na hukuuliza hata tutakupa nini! Tukasema huyu ameshajipangia mshahara wake."

Kwa kweli hapo alipatikana. Mtu anaweza kusomea uongo miaka na miaka, akafeli swali la kwanza.

"Hii hereni basi nakwenda nayo!"

"Nenda nayo, ni shaba," akasema Madamu.

Ramani akasimama kwa hasira. "Na hii mizigo mtashuka nayo wenyewe! Mimi sibebi tena!"

"Mizigo ipi?" Nesi akauliza. "Chakula tumekula. Mahema, majiko na masufuria ni ya askari wa msitu. Mimi hupanda huku kila mwaka, wananijua. Waliniomba niwapandishie vifaa vyao, nao wanipe ruhusa ya kulala njiani bure na wenzangu. Wanafika mchana huu. Wasalimie sana. Waambie wewe ni kiongozi, wanapenda mno kuona vibali vya viongozi."

Akamwekea viazi vya kuchemsha na chupa ya maji juu ya jiwe, maana Nesi ni Nesi. Kisha wakavaa vibegi vyao vyepesi, wakashuka wakishikana mabega, na ukungu ukawameza.

Ramani akala kiazi kimoja kwa haraka. Ndipo akili ikamrudia: askari wanakuja, kibali hana, mchana umekaribia, lazima aondoke sasa hivi. Akageuka kulia, ukungu. Akageuka kushoto, ukungu na mawe, yote yanafanana kama mapacha. Akafumba macho akanusa upepo. Upepo haukusema kitu.

Mbali chini akasikia kicheko cha Sindano, kinafifia. Akaweka viganja mdomoni.

"Dada zangu! Samahani jamani! Njia ya kushuka ni ipi?"