Harufu Inatoka kwa Ézéchiel

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Siku kubwa! Muzee Niyitegeka, shefu wa avenyu yetu hapa Keshero, ameita wenye nyumba wote. Sababu ni mutungi wa gazi, bombone ya Mama Wivine. Ilivuja wiki iliyopita, yeye akawasha jiko, na sasa hana nyusi. Mungu alimusaidia, zimekwenda nyusi tu. Muzee amesema siku hizi makala ya kupikia ni ghali, kila nyumba inapikia gazi, na hakuna mutu anayejua la kufanya ikivuja. Kwa hiyo avenyu inataka musimamizi wa gazi. Atachaguliwa Jumamosi, kwenye mazoezi mbele ya watu wote. Atapewa jile ya kuvaa juu ya nguo, ya rangi ya machungwa, ile yenye mistari inayong'aa, na filimbi.

Jile! Na filimbi!

Nilisimama kabla Muzee hajamaliza. Ézéchiel, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekwisha kusimama. Kila mara huyo mutu! Niligombea uongozi wa kwaya, akachukua yeye. Niligombea kamati ya wazazi, akachukua yeye, na watoto wake hata hawasomi pale. Safari hii hapana. Mimi Habarurema nimesema hapana.

Mazoezi yatafanyika kwetu, kwenye malewa, mugahawa wa muke wangu Béata, kwa sababu tuna uwanja mukubwa. Béata amekubali, lakini alinivuta pembeni. Akanikumbusha kwamba alifika Goma akikimbia vita kutoka Kalengera, kule Rutshuru, na sufuria moja kichwani. Malewa yote imetoka ndani ya sufuria ile: meza, mabenchi, wateja wa bugali na maharagwe, masomo ya binti yetu Jolie kule Bukavu. Ameniomba nisiiguse kwa mipango yangu. Nikauliza mipango gani. 

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Ézéchiel amekwenda formasio, mafunzo ya gazi, mjini, amerudi, na sasa anapita mulango kwa mulango kama muuza sabuni. Ukisikia harufu ya gazi, funga bombone. Fungua milango. Toa watu nje, waende upande upepo unakotoka. Usiguse swichi, usipige simu ndani, zima babula zote, yale majiko ya makala. Na usiwashe moto hata kidogo. Watu wanaitikia kwa kichwa. Hata Béata! Amemupa samaki, sambaza za bure.

Mimi, formasio ya nini? Nimezaliwa juu ya mawe ya volkano. Mutoto wa Goma anajua mazuku kabla ya kujua kuhesabu. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala ndani ya mashimo. Mbuzi anaingia, harudi. Marehemu baba alinifundisha: kabla ya kushuka shimoni, tanguliza mushumaa kwenye fimbo. Moto ukizimika, mazuku iko, kimbia. Moto ukiendelea kuwaka, shuka bila wasiwasi.

Sasa ona akili. Gazi ya bombone ni nzito, inalala chini. Ézéchiel mwenyewe amesema. Mazuku nayo ni nzito, inalala chini. Basi ni ndugu! Na ndugu wanapimwa kwa kipimo kimoja. Jumamosi nitawaonyesha watu mushumaa wa wazee wetu, na Ézéchiel atabaki na makaratasi yake.

Nilimweleza Béata. Akasema mazuku inaua moto lakini gazi inaulisha. Nikasema mutu wa Rutshuru hawezi kunifundisha mazuku. Akasema Kalengera hawajui mazuku, lakini moto wanaujua. Kubishana na mutu mwenye mafua si vizuri, na mafua yamemushika tangu mvua ya juzi.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Mupango umeanza! Nyuma ya jikoni tuna shimo la kufika kiunoni, pale tulipochimba mawe ya ukuta. Shimo zuri sana kwa kuonyesha watu. Lakini shimo bila gazi ni shimo tu. Kwa hiyo Béata alipokwenda sokoni Virunga, niliitoa bombone jikoni na kuishusha mule. Ikakaa vizuri kama mwali.

Shida moja: tiyo inayopeleka gazi ilikuwa fupi, haikufika kwenye jiko. Akili ni mali. Nilitafuta kipande kingine cha tiyo, nikaviunganisha karibu na ukuta, nikafunga kwa mupira wa baiskeli, ule tunaofungia mizigo. Nikakaza hadi mishipa ya shingo ikatoka. Kiungo nikakifunika kwa gunia, kipendeze.

Béata aliporudi nilimwambia gazi inapenda baridi. Akauliza nani amerefusha tiyo. Nikasema fundi. Si uongo. Kila mwanaume ni fundi wa nyumba yake. Wateja walikuwa wanangoja, akapiga chafya, akaingia kupika. Lakini alisema Jumapili bombone irudi mahali pake.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Harufu! Tangu asubuhi, nyuma ya jikoni, harufu ya kitunguu kilichooza. Béata hasikii kitu, pua yake imeziba. Mimi nilijua mara moja. Nyuma ya ukuta ule kuna nini? Kuna choo cha Ézéchiel. Aksanti Mungu! Mutu anayetaka kulinda pua za avenyu nzima, na choo chake kinanuka hivyo!

Nilikimbia kwa Muzee Niyitegeka. Akaja na watu wawili wazima, wakanusa ukutani, wakakunja nyuso, wakakubali. Ézéchiel aliona haya, masikini. Alisema harufu yenyewe ni ya ajabu, haifanani na ya choo, akaomba kuingia kwetu aangalie. Nikakataa katakata. Anataka kupeleleza shimo langu! Basi akamwaga majivu chooni muchana kutwa, na jioni akaja kuniomba samahani. Nilimusamehe mbele ya watu, kwa hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu kidogo.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Harufu bado iko. Majivu yote yale bure! Huyo Ézéchiel anakula nini?

Halafu bombone imekwisha kabla ya wakati wake. Béata anashangaa. Nimemwambia kuna mutu anatuibia gazi, na sikutaja jina, nilitazama ukuta tu. Ameleta nyingine. Nimeishusha shimoni mwenyewe, nikaongeza mupira juu ya mupira.

Muchana wateja walihamia mabenchi ya barabarani. Théogène wa pikipiki aliacha bugali nusu sahani. Hilo lilimuumiza Béata. Alisema mutu haachi bugali bure, na wateja wakizoea kula kwingine hawarudi. Akaniuliza kama kweli ni choo. Nikaapa. Akaendelea kuosha sahani, na mimi moyo ulinishtuka kidogo, sijui kwa nini. Nafikiri ni njaa.

Nimenunua mushumaa. Nimejaribu hotuba mbele ya kioo na kitenge cha Béata cha machungwa mabegani, nione kama rangi ile inanikubali. Inanikubali sana.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Mama yangu! Nianzie wapi?

Avenyu nzima ilikuwa uwanjani kwetu. Ézéchiel alitangulia. Akafunga bombone tupu, akafungua mulango, akapuliza filimbi, watu wakatoka. Basi. Hakuna utamu wowote. Makofi kidogo.

Kisha mimi, ndani ya suti yangu ya ndoa. Niliwapeleka hadi shimoni. Nikawakumbusha mazuku, mbuzi wasiorudi, baba zetu na mishumaa yao. Wazee wote wakaitikia! Muzee Niyitegeka mwenyewe alisema ni kweli kabisa, ndivyo walivyofanya. Kila mwenye mvi alikuwa upande wangu. Ézéchiel akaanza kunusa, akakunja uso, akainua mukono kuniambia kitu. Nikamwambia zamu yake imekwisha. Nikafunga mushumaa kwenye fimbo, nikatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika.

Wakati huohuo Béata alikuwa jikoni. Leo mafua yamemuachilia. Pua ilipofunguka, kitu cha kwanza kilichoingia ni harufu ile, na hakuifuata kwa Ézéchiel. Alichukua beseni ya maji ya sabuni, akawa anapaka tiyo povu, kidogo kidogo, hadi akatoka nje, hadi kwenye gunia langu. Akalifunua. Povu likachemka juu ya mupira wangu kama uji. Akainua macho, akaniona mimi juu ya shimo, na njiti ya pili mukononi.

Sijawahi kusikia Béata akipiga kelele vile. Aliniita jina langu lote, hata la ubatizo. Nikageuka, na beseni nzima ikanikuta usoni. Njiti, kiberiti, mushumaa, suti ya ndoa, vyote maji!

Akainama, akafunga bombone. Ézéchiel akapuliza filimbi, safari hii ya kweli, watu wakakimbilia upande wa upepo, hakuna aliyegusa simu. Lakini babula kubwa la maharagwe lilikuwa linawaka mbele ya malewa, na hakuna aliyelikumbuka. Béata alilikumbuka. Alirudi mbio, akainua sufuria, ile ile ya Kalengera, akamwaga chakula chote cha muchana juu ya makala. Moshi ukapanda, moto ukafa.

Hakuna kilicholipuka. Watu walisimama barabarani. Nikaona ni wakati wangu. Nikiwa ninadondosha povu, niliwaambia: mumeona wenyewe, moto umezimika, basi gazi iko! Njia ya wazee haidanganyi.

Hakuna aliyepiga makofi. Ézéchiel aliniuliza tu, kwa upole sana, kama sasa anaweza kuacha kumwaga majivu chooni.

Watu walipoondoka Béata alikaa kwenye benchi, sufuria tupu mapajani, akalia. Nikamwambia maharagwe tutanunua mengine. Akasema halilii maharagwe, mupumbavu wewe. Meza angenunua, mabenchi angenunua, hata malewa angeanza tena na sufuria moja, kama zamani. Habarurema angemununua soko gani? Nilisikia haya hadi kwenye vidole vya miguu. Niliapa sitagusa tiyo tena. Akasema na kiberiti. Nikasema tiyo, nimeapa.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Muzee Niyitegeka alikuja asubuhi na mapema. Jile amepewa Béata. Bila kupiga kura! Filimbi pia. Ézéchiel alipiga makofi kuliko wote, mutu hana hata aibu ya kushindwa. Mimi nimepewa kazi ya kubeba beseni ya sabuni nyuma ya musimamizi. Musaidizi! Ni mwanzo.

Rangi ile inamukubali kidogo. Mimi ilinikubali zaidi.

Bombone imerudi mahali pa wazi, tiyo ni mpya, wateja wameahidi kurudi kesho. Vizuri. Lakini nimefikiri sana. Njia yangu haikupimwa kwa haki, maji yaliingilia kati. Na nani anajua kama hakuna gazi kidogo iliyobaki imelala mule shimoni? Musaidizi wa kweli angeangalia. Mushumaa umekauka tayari.

Kiberiti sasa. Nyumbani hakuna hata kimoja. Béata amekwenda misa na viberiti vyote ndani ya sakoshi yake ya mukononi. Nikaenda kwa Mama Wivine. Akashika mahali nyusi zake zilipokuwa, akafunga mulango. Nikaenda kwa Théogène wa pikipiki, akaondoka bila kuvaa kofia. Nikajishusha hadi kwa Ézéchiel. Akanipa kiti, akanipa chai, kiberiti akakataa.

Kumbe kabla ya misa Béata alipita nyumba zote, na jile, na filimbi. Amri yake ya kwanza kama musimamizi wa gazi: hakuna mutu kumupa Habarurema moto.

Wivu! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Kesho asubuhi nitapanda hadi kijiji cha Munigi. Kule hawanijui.