Maji ya Samaki na Uzio wa Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Nimebadilisha maji ya samaki wangu wa bahari. Tangi la kioo linang'aa. Samaki wanaogelea kama wenye nyumba. Tatizo: ndoo za maji machafu ya chumvi zimepangwa sebuleni, na mke wangu amejikwaa.

Amesema niyamwage kwenye sinki la jikoni, bomba likiwa wazi ili maji ya kawaida yayafuate. Basi. Muuza samaki naye aliniambia hivyohivyo siku niliyonunua tangi. Sinki, polepole, bomba wazi. Si bustanini, chumvi huua mimea. Si kwenye mtaro wa mvua, maana mtaro huo unaishia mtoni bila kusafishwa. Nilimshukuru. Mtu mwema. Ubunifu hana hata chembe.

Maji ya bahari, yatupwe kama ya kuoshea sufuria! Mimi si mtu wa kumwaga. Mimi ni mtu wa kutumia.

"Chumvi huua mimea." Maneno hayo yamenikaa kichwani. Iko mimea inayostahili kufa.

Jumanne, 4 Machi

Magugu! Yamejaa kwenye njia iliyo kati ya nyumba yetu na ya Meneja. Huyu alistaafu benki zamani, cheo hakijastaafu. Ana uzio wa maua mekundu alioupanda siku binti yake alipozaliwa, na huupunguza kwa mkasi wa fundi cherehani. Jumamosi binti huyo anaolewa. Picha zote zitapigwa mbele ya uzio. Ameutangazia mtaa mzima, na sisi tuliosikia ametutangazia tena.

Mwezi mzima amenisimanga kwa ajili ya magugu ya upande wangu. Leo nimemaliza maneno. Nimemwaga ndoo zote njiani, nikabakiza moja ya akiba. Nimejipongeza.

Njia ina mteremko kidogo kuelekea kwake. Si ajabu. Njia nyingi zina mteremko.

Jumatano, 5 Machi

Magugu yamenawiri.

Mama mkwe amewasili, miguu imevimba kwa safari. Amelalamikia kiti, chai, kisha mimi, kwa mpangilio huo. Hapo nikakumbuka ndoo ya akiba. Wazo! Nimeyapasha maji yakawa vuguvugu, nikamletea kwenye beseni. Nimemweleza kwamba ni maji ya bahari yenye madini, na watu hufunga safari kuyafuata. Uongo? Ukisimama mbali, ni kweli.

Ameloweka miguu, amefumba macho. Mara konokono mdogo akaibuka kati ya vidole vyake. Nikajua nimekwisha. Mama mkwe akamwinua, akamgeuzageuza, akasema hiyo ndiyo dalili kwamba maji haya yana uhai. Ameniita "mwanangu". Sijawahi kuitwa hivyo tangu nioe.

Mke wangu amenitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyerudi nyumbani na kiatu cha jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Uzio wa Meneja unanyauka. Majani yamekuwa rangi ya chai, maua yanapukutika. Magugu yangu: buheri wa afya.

Meneja ameniita nishuhudie. Alikuwa ameshika tawi kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Ameniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, ni kitu gani kimeupata uzio wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mdomo ukafunguka. Ukasema: mbwa wa seremala. Mkojo wa mbwa una ukali wake.

Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Alasiri Meneja na seremala wametupiana maneno barabarani. Na huyu seremala ndiye aliyekuwa akijenga jukwaa la harusi! Amelivunja, amepakia mbao kwenye mkokoteni, amerudi nazo kwenye karakana yake mwisho wa mtaa. Mbwa alikaa juu ya mbao na uso wa asiye na hatia. Kusema kweli hana.

Sikula vizuri. Nilikula, lakini si vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa uokoaji. Maji matamu, yakiwa mengi, husukuma chumvi ikazama chini ya mizizi. Nitaunywesha uzio kimyakimya Meneja akiwa amekwenda kuchukua suti yake. Nikavuta mpira wa maji hadi njiani.

Meneja hakuwa amekwenda popote. Alikuwa uzioni, kofia mkononi, kama yuko mazishini. Kando yake mama mkwe, ameinamisha ndoo, anamalizia tone la mwisho kwenye mizizi. Ameyachota kwenye tangi langu!

"Mwanangu, njoo!" akaniita. "Nimemwambia jirani, maji yaliyoponya miguu yangu yatashindwaje na mizizi? Tena binti yangu ananiambia Jumanne uliyamwaga hapa ndoo kwa ndoo, na hukutaka hata kushukuriwa!"

Meneja akachovya kidole kwenye ndoo. Akaonja. Akautazama mteremko. Akanitazama mimi. Heri angepiga kelele. Hakupiga.

"Niliupanda siku aliyozaliwa," akasema. Akaingia ndani.

Nikabaki nimeshika mpira, maji yanaingia kwenye viatu vyangu. Mama mkwe akauliza nimefanya nini. Nikamweleza. Cheo cha "mwanangu" kimefutwa.

Nimekwenda kwa seremala kumwambia kwamba mbwa wake hakukosa lolote. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyotazamia, kwa sababu mbwa mwenyewe alikuwepo, anasikiliza. Seremala hakutukana. Alisema bibi harusi hana kosa, kazi atairudia, ila mbao zitarudi kwa mabega yangu. Mkokoteni ulikuwepo. Alisema unapumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi.

Seremala amesimamisha jukwaa, na mbele ya uzio uliokufa akaweka kiambaza chepesi cha fito. Mke wangu na mama mkwe wakakifunga vitambaa vyekundu asubuhi yote. Kimependeza kuliko maua. Kasoro ilikuwa moja: hakikuwa na miguu ya kusimamia. Muda haukutosha. Miguu nikawa mimi. Nimekishikilia kwa nyuma tangu picha ya kwanza hadi shangazi wa mwisho, na mashangazi hawakuwa haba.

Katikati ya picha bibi harusi akachungulia kati ya fito.

"Kaka, si ungeyamwaga tu kwenye sinki?"

Nikamjibu kwamba nashukuru kwa ushauri. Alicheka hadi mpiga picha akamsihi atulie. Baba yake alisikia. Nilimwona mabega yakimtikisika, sikujua ni kilio au kicheko. Baadaye alizunguka nyuma ya kiambaza na glasi ya maji, akanipa. Nikaionja kwanza kwa ncha ya ulimi.

Matamu. Nikanywa yote.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amenisimamisha mbele ya sinki kama mwanafunzi. Bomba wazi. Ndoo ya maji ya tangi, polepole. Imekwisha kabla chai yangu haijapoa. Amenitaka nirudie: sinki, bomba wazi, si bustanini, si mtaroni. Nimerudia bila kukosea. Amefurahi, amekwenda kumsindikiza mama yake kituoni. Mama mkwe ameniaga kwa kidole kimoja.

Lazima nikiri, ni njia nzuri. Chumvi inakutana na maji matamu, inapoteza nguvu, inakwenda zake. Lakini nilipokuwa nikitazama ndipo nikaona jambo lililowapita wote. Yale maji matamu yanayofuata! Yote yanapotea! Hakuna anayeyatetea!

Nimefungua kiungo cha bomba chini ya sinki, nimetega ndoo, nimemwaga maji mengine ya tangi, bomba wazi. Ndoo imejaa vizuri. Chumvi ndani yake ni kidogo tu sasa, karibu haimo. Sakafu imelowa, itakauka.

Seremala alinitendea wema juzi, na mimi si mtu wa kusahau wema. Nyuma ya karakana yake kuna tuta la nyanya. Leo hayupo. Nimefika na ndoo yangu, nimezitazama juu ya ukuta kwa muda mrefu, na kwa macho yangu mimi, zile nyanya zina kiu.