Jogoo wa Askofu na Kopo la Buluu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Askofu anakuja kanisani kwetu Shirere tarehe 16. Atakula kuku. Swali ni kuku wa nani. Beldina, jirani yangu, ametangaza kwamba jogoo wake anajaza sufuria mbili. Mwongo! Nimemchungulia juu ya ua. Anajaza.

Mimi nina Tyson. Jogoo mwekundu, kifua mbele, adabu hana. Tangu Disemba natia kijiko cha unga wa kopo la buluu katika maji ya kuku wote, ule unga wa duka la mifugo wa kutibu kuku wanaokohoa. Hawakohoi. Haidhuru, wasipate hata nafasi ya kuugua, chakula chote kiende mapajani. Leo nimeongeza kijiko cha Tyson. Nafula, mke wangu, amesema hajawahi kuona mgonjwa anayenenepa hivyo. Hajui ufugaji.

Alhamisi, 6 Machi

Tyson amemparua Nafula akifagia banda. Ukucha umezama kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Nafula amesema anamchinja leo leo. Nimemsihi amngoje askofu.

Dawa si tunayo? Nimemnyunyizia kidonda unga wa buluu, nikafunga kitambaa safi. Kazi nzuri sana. Ameuliza kama naye anapelekwa kwa askofu.

Jumapili, 9 Machi

Mkono umevimba hadi kiwiko. Nimeongeza unga. Nafula anatetemeka chini ya blanketi mbili, na hajanigombeza tangu asubuhi. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Beldina amekuja bila kuitwa. Ameangalia mara moja tu, akanifokea: “Baba Clifford, huyu ni mtu, si ingokho, si kuku wako!” Ameita bodaboda mwenyewe, akamkalisha Nafula katikati, akamshika kiuno mpaka hospitali. Mimi nimefuata kwa miguu na thermosi.

Jumatano, 12 Machi

Dawa ya kwanza imeshindwa. Ya pili pia. Majibu ya usaha yametoka maabara. Daktari Jerotich, binti mpole asiyecheka ovyo, ameniuliza kama tunafuga kuku. Nimejisifu kidogo. Akauliza maji yao yana nini. Nimeacha kujisifu.

Amenieleza polepole. Kijiko cha kila siku huua vijidudu dhaifu tu. Kati ya mamilioni, kimoja huzaliwa na jeni iliyobadilika kidogo, na dawa haikiui. Hicho ndicho kinachobaki kuzaa. Tena hakina uchoyo, huvimegea vingine jeni hiyo, hata visivyo vya ukoo wake. Halafu vinahama, kutoka bandani hadi ukuchani, kutoka ukuchani hadi kwa Nafula wangu. Vijidudu vya mkono wake ni sugu, amesema. Imebaki dawa moja ya sindano. Ikikataa, watakata mkono. Nikauliza na kukata kukikataa? Akanivutia kiti.

Nimeenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Miaka ishirini na sita mkono ule unanisongea obusuma, ugali wetu, na sijawahi kuushukuru hata siku moja.

Ijumaa, 14 Machi

Homa imeshuka! Nafula amekunywa uji wote kisha akaniita mjinga. Mungu ni mwema.

Daktari ameniapisha: hakuna dawa kwa kuku bila neno la afisa wa mifugo, na unga wa kuku usimguse mtu tena. Nimeapa nimeinua mikono yote miwili.

Jioni Beldina ameuliza daktari alisemaje. Nimemwambia vijidudu vya Tyson ni sugu, vimezishinda dawa mbili za hospitali nzima. Ikiwa vijidudu vyake tu ni sugu hivyo, je, jogoo mwenyewe? Beldina ameinua macho mbinguni, akaenda zake. Wivu huo.

Jumapili, 16 Machi

Askofu amekula jogoo wa Beldina. Imondo, ile firigisi ya mgeni wa heshima, ameitafuna amefumba macho. Tyson hakufikiriwa hata kidogo. Beldina aliwaeleza akina mama wa kamati kila kitu, kuanzia kijiko hadi kiwiko. Msaliti!

Lakini baada ya ibada nimemkuta hospitalini. Alikuwa amemwekea Nafula paja zima kwenye hotpoti na anamlisha kwa mkono wake. Nimeshindwa kumchukia vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Nafula yuko nyumbani! Kidole kimepinda kidogo lakini kinafanya kazi. Kazi ya kwanza kimenionyesha banda la kuku. Nimelikabidhi kopo la buluu kwa afisa wa mifugo mbele ya macho ya Nafula. Kuku sasa wanakunywa maji matupu, Tyson amenuna. Nafula ameniwekea mkono ule begani akasema, “Kumbe huwa unasikianga.” Nimekaribia kulia tena.

Hajui kuhusu kopo jekundu nililonunua kwenye duka la mifugo. Nimelificha juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo za Krismasi. Sijavunja kiapo. Hili si la kuku, ni la ng'ombe, lina nguvu maradufu. Nimemwekea Nafula mwenyewe, ili akiumia tena nisikose cha kumpa.