Mlipokea Wageni Wawili, Mkamrudisha Mmoja

Kitale, 14 Machi 2009,
mwaka wa arobaini na nne tangu niondoke Juba

Kwa Bi. Quinter,
Meneja wa nyumba ya wageni, mtaa wa Buluk, Juba

Mwanangu,

Natumaini wewe na wafanyakazi wako hamjambo. Mimi ni yule mzee wa chumba cha nyuma, mwenye kofia ya pama, aliyekuja na mkewe Poni mwezi wa Januari kwa matembezi ya siku tano. Naomba mnirudishie mke wangu.

Nilikuwa nimejipanga vizuri. Tangu amani isainiwe, Poni alitaka kwenda kuona nyumbani. Kila aliyetoka Juba aliniambia kwamba malazi huko ni mahema na makontena ya chuma, tena kwa bei ya watu wa mashirika. Nikaridhika. Akilala ndani ya kontena mara moja tu, nikajua, asubuhi ataulizia basi la kurudi Kitale. Kumbe kuna nyumba yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bei yenu ni nafuu. Ingekuwa ghali, mwalimu mstaafu angeondoka kwa heshima bila kutafuta sababu nyingine.

2. Chumba kinapendeza. Kuta nene, paa la nyasi, dirisha linaloutazama mlimau. Nilikikagua chandarua nikitafuta tundu, sikulipata. Hata maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Nani aliwaomba?

3. Viti. Hapa ndipo mliponimaliza. Wewe ni mtu wa Kisumu, si kosa lako kutojua: kwetu, anayekuja kukusalimu ukitoka safari ya mbali, nawe sharti umtembelee kwake kabla hujaondoka. Usipokwenda umemtukana. Siku ya kwanza ulimwona binamu yake Poni amesimama uani, ukamletea kiti. Kesho yake wakaja sita, ukaazima mabenchi ya kanisa! Watu wakatoka Konyo Konyo na bamia, wakatoka Mangateen na kuku aliye hai. Poni akawa anawamiminia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye jebena, lile birika lenu la udongo, kana kwamba ua ni wake. Miaka yote hii Kitale tumekuwa wageni. Nilikuwa nimesahau mke wangu anavyoonekana akiwa mwenyeji.

4. Siku ya kuondoka ilipofika, alikuwa hajarudisha hata nusu ya ziara hizo. Akaniambia, "Malesh, usijali mzee, tangulia tu." Nikatangulia. Sasa kila anapokwenda kurudisha ziara moja anawakuta wengine hukohuko, nao wanakuja kumsalimu kwenu, mnawapa viti. Jambo hili halina mwisho, labda watu wa Juba waishe.

5. Nikipiga simu unapokea wewe, unaniambia kwa furaha, "Mama ana wageni, mzee." Mimi je, ni nani?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mpandishe bei, mtoboe chandarua, na mabenchi yarudi kanisani. Hayo yakishindikana, mhamisheni Poni kwenye kontena.

Mimi nimekwisha kuzeekea ugenini. Barabara nilizozijua Juba zimebadilika majina, na niliokuwa nikitembea nao wengi wamelala makaburini. Mvua zinakaribia, shamba langu linangoja mahindi. Sitarudi.

Nisalimie mpishi wenu Sebit, mlinzi wa langoni, ndugu zake Poni wote, na waliokaa kwenye mabenchi, hata nisiowajua.

Wako mwenye manung'uniko,
Mwalimu Isaiah Loku

Baada ya kutia sahihi: Jana jioni dereva wa lori aliniletea salamu za Poni na malimau matatu, ya mti ule wa dirishani. Kwa desturi niliyokueleza, hiyo ni ziara, nami sharti niirudishe. Barua hii basi naileta mwenyewe. Shamba nimemwachia jirani alilime. Niwekee kiti karibu na jebena, wala usimwambie Poni. Kitale sitarudi.