Sura ya Nta ya Mzee Ojiambo

Jumatatu, 3 Agosti 1964. Tororo.

Daftari hili kanipa Katekista Fabiano. Anasema mimi ni mtu wa manung'uniko, basi kila siku niandike ninachomshukuru Mungu, na moyo utalainika. Haya. Namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru kwa dada yangu Nangila, aliyenilisha tangu Pasaka bila kunisema zaidi ya mara mbili kwa siku. Namshukuru kwa baba mkwe wake, Mzee Ojiambo, gadi mstaafu wa reli, aliyenipa stoo ya uani nilale katikati ya magunia ya mtama. Masharubu ya mzee huyu yanajulikana kutoka hapa mpaka Nairobi.

Sasa habari mbaya. Nangila kanipa muda. Mwezi huu ukiisha sina kazi inayoonekana kwa macho, narudi Lumino kulima mihogo ya baba. Nikamkumbusha kwamba mwaka huu nimejaribu kazi nne. Akasema ndiyo, na ya nne imemaliza kuku wake wote. Mihogo! Mimi Egesa, niliyefika Kampala!

Jumatano, 5 Agosti

Mungu mkubwa! Nimenunua sukari kwa Mhindi, na karatasi aliyofungia ni ukurasa wa gazeti la Kizungu lenye picha. Kumbe Ulaya kuna jumba la makumbusho lisilo na ngoma wala mikuki, si kama lile la Kampala tulikopelekwa na parokia. Ndani kuna watu. Watu wa nta! Wamevaa viatu, wanakutazama. Wazungu wanapanga foleni kwenye mvua kuwaona.

Kiingereza changu cha darasa la sita kimetosha. Unampima mtu kichwa, unafinyanga sura yake kwa udongo, unaifunika kwa plasta. Plasta ikikauka unaitoa, na ndani mmebaki shimo lenye sura yake. Unamimina nta ya moto. Ikiganda pembeni, ile ya katikati unaimwaga, kichwa kinabaki kitupu. (Hilo halikunishangaza, nawajua wengi.) Macho ni ya kioo. Nywele zinachomekwa mmoja mmoja kwa sindano ya moto, wiki tano kichwa kimoja. Mwili si nta, ni nguo zilizojazwa tu. Na mwisho kabisa imeandikwa kwamba jambo la kuangalia sana kuhusu nta ni kuwa... halafu karatasi imechanika.

Nimerudi dukani mbio kutafuta kipande cha pili. Mtu keshafungiwa chumvi, kaenda zake. Haidhuru, jambo lenyewe nitaligundua kazini.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimekwenda kumpeleleza Ofwono. Tulisoma darasa moja, yeye alikuwa wa mwisho na mimi nilikuwa wa kabla ya mwisho, na sasa anajiita mkurugenzi. Ana banda nyuma ya ghala la ngozi, ameandika MAKUMBUSHO mlangoni, watu wanaingia kwa yai moja. Ndani: fuvu la mamba, kofia ya Mjerumani, na mbuzi mwenye vichwa viwili. Nimemtazama mbuzi huyo kwa makini. Kichwa cha pili kimeshonwa kwa uzi wa gunia! Nikamwonyesha uzi. Ofwono akanijibu kwa upole kwamba hata mbuzi hushonwa akiumia, kisha akaniuliza kama bado naishi kwa dada yangu.

Nimeondoka na yai langu, nalo nashukuru, maana alisahau kulidai. Siku ya soko Busia, watu wa Kenya na Uganda wakivuka pamoja, mimi nitasimamisha mtu wa nta pale mpakani. Tutaona nani mkurugenzi.

Jumamosi, 8 Agosti

Baiskeli ya Nangila mpaka Dabani, kwa warina asali. Watu wema sana. Nimeomba nta, wakanipa sufuria nzima, na nyuki watatu waliokuwa bado ndani.

Njiani nikawaza nimfinyange nani. Jibu lilikuja lenyewe nilipoteremka mlima: nani asiyemjua Mzee Ojiambo? Miaka thelathini kapeperusha bendera ya kijani kwenye kila stesheni. Jioni nikamweleza. Kisha akauliza kama sura itakuwa na masharubu. Nikasema bila masharubu hakuna sura. Akacheka, akasema katika miaka yote ya reli hakuna aliyewahi kumwomba hata picha. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli.

Jumatatu, 10 Agosti

Siku ya majaribu.

Kufinyanga udongo kunachukua siku nyingi, nami sijui kufinyanga. Nikaamua kumpaka mzee plasta usoni moja kwa moja. Plasta nimepewa na dresa mmoja mstaafu wa hospitali, ile ya kufungia mifupa. Mzee akalala mkekani, nikamtia puani mabua mawili ya mpapai apumulie, nikampaka vizuri, sharubu na vyote. Ikakauka kama jiwe. Nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena. Mzee akaanza kunguruma kupitia mabua.

Mtu wa pekee nyumbani alikuwa Nangila, naye hawezi kuingia alipolala baba mkwe wake, sembuse kumshika uso. Sisi Wasamia hilo halifanyiki hata nyumba ikiungua. Basi dada yangu kasimama nje, mgongo kwa mlango, akaniamrisha kwa sauti: maji ya vuguvugu, samli, subiri, polepole mjinga wewe. Hajawahi kunisaidia kwa heshima kiasi kile. Plasta ikatoka.

Masharubu nayo yakatoka. Yote. Yamebaki ndani ya plasta.

Mzee kajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Hakunifukuza. Amesema tu kwamba sanamu isipofanana naye, nitakwenda Lumino kwa miguu, yeye mwenyewe akinipulizia filimbi. Uso wake mtupu unaonekana kama wa mtu mwingine kabisa, mtu wa Jinja labda.

Jumatano, 12 Agosti

Nimemimina. Nta ilikuwa ya manjano, nikaikoroga na rangi ya viatu ya kahawia, mikebe miwili. Nikaiacha hadi alfajiri, nikafungua plasta.

Nilipiga magoti. Alikuwa yeye! Makunyanzi, kovu la kidevuni, na masharubu yake halisi yamejishika kwenye nta, yamesimama kwa fahari. Gazeti lilisema wiki tano za sindano, mimi nimepata kwa siku moja. Macho ni gololi mbili. Mwili ni sare yake ya zamani ya gadi niliyoijaza pamba, mikono ndani ya glovu nyeupe, kofia kichwani. Mzee amemzunguka mara tatu. Akamtengeneza kola. Nangila alichungulia akiwa mbali, akasema shikamoo kwa sanamu.

Ahsante Mungu. Ahsante nyuki.

Jumamosi, 15 Agosti. Asubuhi.

Naandika ndani ya lori.

Nilimviringisha sanamu kwa shuka nyeupe, nikamlaza kwenye mkokoteni, nikaenda kuomba lori la Jared la kwenda Busia. Jared ni kijana Mkenya anayepeleka nafaka sokoni. Akakataa. Siku ya soko hapakii mzigo wa mtu, hata kuku. Upepo ukafunua shuka. Jared akaona uso. Akavua kofia.

Akauliza kwa sauti ya chini kama huyu ni gadi Ojiambo, aliyewahi kumsimamishia treni mama yake akiwa mjamzito. Nikasema ndiyo, ni Mzee Ojiambo. Sikudanganya! Kama sanamu haikuwa Mzee Ojiambo, ilikuwa nani? Akateremsha magunia sita, kwa kuwa maiti hapandi na mahindi. Mimi akanikalisha mbele: "Wewe kaa hapa, ndugu yangu. Pole sana. Mimi napeleka yeye mpaka nyumbani."

Nilidhani nyumbani ni namna ya kusema Busia. Nikanyamaza, kiti kilikuwa kizuri. Sasa amefunga matawi mabichi mbele ya lori, watu barabarani wanasimama na kuvua kofia, nyuma wanatufuata waendesha baiskeli kama ishirini, na tumekata kona ya Dabani, kwao mzee.

Jumamosi, jioni

Nitaandika kila kitu, kwa sababu Katekista alisema kweli huponya.

Kufika tu, wanawake walitupokea kwa kilio. Kitanda kikatolewa nje, marehemu akalazwa mbele ya nyumba, watu wote wamuone, kama desturi. Nikasema ni amri ya daktari asiguswe. Wakatii. Unga ukaja, majogoo wakaja, vijana wakaenda kukata miti ya kibanda cha kivuli. Kivuli chenyewe kilikuwa hakijafika, na jua lilikuwa la saa saba. Mara tano nilifungua kinywa kusema. Mara tano mtu alinitilia chakula. Wema wa watu hawa unaumiza.

Saa nane akaja mzee mmoja na baiskeli, hana masharubu, anatokwa jasho. Kumbe Katekista Fabiano alisikia habari sokoni Tororo, akaenda kumpa pole Nangila, akamkuta marehemu anamenya njugu uani. Mzee Ojiambo mwenyewe! Nikatafuta mlango wa kukimbilia. Lakini hakuna aliyemtambua! Mama mmoja, akimdhania ndugu wa marehemu anayeishi Jinja, akampa kiti na kumwambia pole, kufiwa na kaka ni kugumu, Jinja ni mbali, umefanya vizuri kuja. Mzee akanitazama. Akatazama kitanda. Akakaa.

Watu wakasimama mmoja mmoja kumkumbuka marehemu. Alibeba mgonjwa wangu bila tiketi. Alishuka kwenye behewa akamrudishia bibi kapu lake. Alinifundisha kusoma saa. Jared naye alisema habari za mama yake, akashindwa kumaliza. Mzee alikaa ameinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Nami nililia. Sioni haya kuandika hivyo.

Mwisho akasimama Chrispinus, jirani, ambaye hajasalimiana na mzee miaka tisa. Akakiangukia kitanda. Akasema mbele ya watu wote kwamba ni yeye aliyehamisha mikonge ya mpaka wa mashamba yao, hatua kumi na mbili, ule mwaka wa nzige, na akaomba marehemu amsamehe. Hapo marehemu akatoa machozi.

Machozi ya kahawia, polepole, mashavuni. Watu wakapiga magoti. Chrispinus akapiga yowe, akaapa kurudisha mikonge leo leo, na mkuu wa kijiji akasema amesikia. Kisha masharubu yakateremka mpaka kidevuni. Pua ikafuata. Gololi ya kushoto ikachomoka, ikabingirika mpaka magotini pa Chrispinus.

Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo. Majogoo walikuwa mbele.

Aliyebaki kitini ni mmoja tu. Waliporudi wakichungulia, akasimama, akasema yeye ndiye Ojiambo, hajafa, na amesikia yote. Wakakimbia tena.

Jumatatu, 17 Agosti

Tumerudi Tororo. Njiani nilikwisha kufunga nguo zangu katika fikra. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Mimi nimechuma juani na nta ikayeyuka papo hapo.

Nangila alikuwa mlangoni na kifurushi changu. Jembe limefungwa juu. Mzee akalifungua jembe, akalirudisha ukutani. Akasema amepanda treni miaka thelathini akidhani watu wanaona bendera tu, yeye hawamwoni. Juzi amejua. Chrispinus alikula naye ugali sahani moja, na mikonge imerudi mahali pake. Akasema chumba cha stoo ni changu mpaka nitakapotaka kuondoka mwenyewe. Akanishukuru. Mimi! Kwa jina langu! Nangila akageuka kufuta macho kwa kitenge, akadai ni moshi. Meko yalikuwa hayajawashwa.

Kuna sharti moja. Nimeshika Biblia ya Katekista, nimeapa sitagusa nta tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo safi. Sijawahi kuwa na shukrani kama leo, na nimeahidi kwamba sasa nimejifunza.

Ijumaa, 21 Agosti

Ofwono ameongeza bata wa miguu minne. Watu wamejaa mpaka barabarani.

Nimefikiri sana, kwa utulivu, kama mtu aliyejifunza. Kosa halikuwa sanamu. Kosa lilikuwa nta, nami nta nimeiapia na kiapo nakiheshimu. Saruji hakuna aliyeitaja. Tororo hii yenye kiwanda, saruji tunaivuta kwa pua! Na nani kaona saruji ikiyeyuka juani? Safari hii sitamsumbua mtu. Nimeanza na mimi mwenyewe, na si uso, ni mkono tu, kwa kuwa nimekuwa mwangalifu.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko ndani ya debe tangu saa tatu asubuhi, na sasa ni saa tisa. Unawasha kidogo. Hautoki, hata Nangila alipokanyaga debe na kunivuta shingo. Saruji nzuri sana hii, namshukuru Mungu. Nangila ameondoka mbio kumwita fundi mwenye nyundo kubwa. Nimempigia kelele amwambie huyo fundi agonge polepole sana, asije akaiharibu sanamu.