Mashine Kumi na Moja, Zulia Hakuna

Kwako Shemeji Mkubwa, Msimamizi wa Usafi wa Hoteli, ghorofa zote saba,

Mdogo wako, mke wangu, amekufa. Leo wiki ya tatu. Unajua, ulikuwepo, lakini barua lazima ianzie mahali.

Tulipotoka kuzika ulisimama mlangoni kwangu, mbele za watu, ukasema mashine zake za kuvuta vumbi ni kumbukumbu, zisitoke humu ndani. Nikataka kujibu. Ukasema, "Shemeji, kama una neno andika, wewe ukiongea unabweka." Haya, naandika. Mwandiko univumilie, mkono umezoea mifuko ya saruji.

Ombi ni moja. Njoo uzichukue, zote kumi na moja, Jumamosi kabla ya saa sita. Sababu ni hizi.

1. Chanzo ni wewe. Ya kwanza uliileta wewe, hotelini walikuwa wanaitupa. Ukamwambia, "Chukua mdogo wangu, uchezee." Amecheza miaka kumi na tisa.

2. Sina zulia. Sijawahi kuwa nalo. Sakafu ni ya saruji, nimeimwaga mwenyewe, ufagio unaitosha. Zulia lililopo ni kipande cha upana wa meza, na hicho pia ulileta wewe. Alikuwa anamwaga kikombe cha mchanga juu yake, anapitisha mashine mara tatu, anapima kwa kijiko mchanga uliobaki, anaandika kwenye daftari. Halafu anamwaga tena, zamu ya mashine nyingine. Mchanga unaorukia pembeni nafagia mimi.

3. Nafasi. Kitandani naingia kwa ubavu. Ile ndefu ya bati, aliyoiita Mwalimu Mkuu, imesimama upande wa miguu yangu, inaniangalia kama sijamaliza hesabu.

4. Ile aliyoiita Kiboko ikiwashwa, taa za nyumba nzima zinafifia na pasi ya fundi cherehani hapo jirani inapoa. Miaka yote fundi alikuwa anagonga ukuta tuzime. Sasa anagonga kuuliza mbona kimya. Nimjibu nini? Ikilia kosa, isipolia kosa.

5. Daftari. Alikuwa anazilinganisha kama mtu anayechagua mchumba. "Nguvu, nane. Sauti, kama ana mafua. Mfuko, unavuja. Tabia, mnyenyekevu." Nasoma polepole lakini nimelimaliza. Kurasa mia mbili na kitu. Mimi nimetajwa mara moja tu: "Suruali ya mume wangu, vumbi zuri."

6. Hiyo suruali sasa. Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa nasimama mlangoni juu ya gazeti, yeye anachutama ananivuta vumbi. Mguu wa kushoto mashine moja, wa kulia nyingine, apate kulinganisha. Wapita njia wanauliza, "Mzee, leo nani anaongoza?" Nikijikuna anasema, "Simama vizuri baba, unaniharibia vipimo." Nasimama. Siku ile ya mwisho alimaliza wa kushoto. Akakaa chini, akasema amechoka. Wa kulia hakuufikia. Sasa nina suruali nusu safi nusu chafu, iko msumarini, kuifua siwezi na kuivaa siwezi. Hilo ni kosa la mashine. Zisingekuwepo angeikung'uta yote kwa mara moja, kama wake za watu wengine.

7. Aibu ya msibani. Hapa ndipo nilitaka kubweka. Wewe, msimamizi wa ghorofa saba, ulisema sebule iguswe kidogo kabla wazee hawajakaa. Ukachukua ile nyekundu, Mnafiki. Nikakwambia iache, ukasema, "Nifundishe kazi yangu." Shemeji, ile ina matundu mawili. La mbele linavuta, la nyuma linapuliza. Mpira ukauchomeka nyuma. Saruji ya mwezi mzima ikatoka kwa pamoja. Wazee wote weupe, hata kope. Mjomba wenu, ambaye alikuwa hajatoa chozi, akatoa mawili. Na mimi nikacheka. Msiba wa mke wangu mwenyewe, nilicheka mpaka nikashikwa mkono kutolewa nje. Watu bado wanalisema. Jina hilo nani atanisafishia? Mashine ya kazi hiyo humu ndani hamna.

Kwa hiyo kodi gari. Daftari na kile kipande cha zulia nitaviweka juu juu, usije ukasema nimebana kitu. Nataka nyumba iwe nyumba. Mtu mmoja, kitanda kimoja, ufagio mmoja.

Msalimie bwana wako na watoto. Mama mkwe mwambie ninakula. Mjomba mwambie lile koti alikung'ute likiwa kavu, asiliroweke, litaganda. Wafanyakazi wenzako wote wasalimie, hata yule aliyelalia bega langu makaburini.

Ni mimi shemeji yako, mbeba saruji.

Nimesahau. Gari usikodi. Jana nilikwenda kwa fundi redio kumuuliza nani ananunua vitu hivi. Nikakuta anayo moja ya kijani, ya zamani kuliko zote, tumbo la mviringo, magurudumu matatu. Anazuilia mlango usijifunge. Nikamwambia huo ni ukatili. Nimeibeba begani mpaka nyumbani, ya kumi na mbili hiyo. Inavuta, ila inapiga chafya. Nimeiandika: "Nguvu, sita. Sauti, ya kawaida. Tabia, bado sijui." Mfuko wake sina. Angalia stoo ya hotelini, nyuma kabisa, mifuko ya zamani hamwezi kukosa. Ukiupata ulete jioni, mchana hutanikuta. Kesho narudi kazini.