Jicho Linalolala Jioni

Jumatatu, 2 Juni

Daktari mwingine tena. Huyu amesema ni stress. Aliyetangulia alisema taifodi. Kabla yake kuna aliyesema vidonda vya tumbo. Tumbo! Mke wangu anaumwa uso, wao wanashughulika na tumbo.

Shida ni hii. Asubuhi Wayua ni mzima kabisa. Anashona sare za shule, anaimba, ananigombeza. Jioni kope ya jicho la kushoto inashuka kama pazia lililokatika kamba. Nyama inamshinda katikati ya kutafuna, anasaidia taya kwa mkono. Sauti inatokea puani. Na anaona kila kitu mara mbili. Leo amenimiminia chai kwenye kikombe ambacho hakikuwepo.

Nilimuuliza kama hata mimi ananiona wawili. Akasema ndiyo. Nikauliza yupi anapendeza zaidi. Akasema wote wawili wanaongea sana.

Nilicheka. Halafu nikatoka nje kukagua tangi la maji, ambalo halikuwa na shida yoyote. Nikalikagua kwa muda mrefu.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata akili! Ugonjwa unakuja jioni, sisi tunaenda kwa daktari asubuhi. Basi twende jioni. Lakini Wayua hatoki nje jioni. Anaona haya, watu wa mtaa wetu wa Kimbo wanamwangalia sana lile jicho. Haidhuru. Mimi ni broka wa ploti. Nimewahi kumuuzia mtu shamba la mawe nikaliita machimbo. Nitashindwa na kope?

Nikaenda peke yangu kliniki moja ya Gitothua inayokaa wazi hadi usiku. Nikajibandika selotepu kwenye jicho, nikaongea kwa pua, nikaeleza dalili zote kama zangu. Nilitaka jina la ugonjwa tu, niende nalo nyumbani.

Daktari alikuwa kijana. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akaibandua selotepu, akaiweka mezani, akanipima presha. Iko juu! Amenipa dawa na kunikataza chumvi.

Nimeenda kutafuta ugonjwa wa mke, nimerudi na wangu.

Wayua amepika sukuma wiki bila chumvi kwa furaha ambayo sijaiona mwaka huu.

Ijumaa, 6 Juni

Barasa! Jirani yetu, mlango wa tatu, askari wa kiwanda kule Thika. Wiki nzima anapita dirishani kwetu jioni akinukia manukato kama harusi. Leo ameleta maparachichi. Nikamkabili. Nikamwambia mimi si mjinga, aseme anatafuta nini.

Akainamisha kichwa. Akasema kwa aibu kwamba Mama Kaveke, yaani Wayua wangu, amekuwa akimkonyeza kila jioni, na yeye hakutaka kumvunjia heshima kwa kutoitikia.

Wayua alikuwa ndani anakunywa chai. Akasikia. Akacheka sana, kile kicheko cha zamani. Halafu kikakatika.

Chai ilikuwa imepita njia mbaya. Ilimtokea puani. Hakuweza kumeza, hakuweza kukohoa vizuri. Mimi nilisimama pale nimeshika parachichi. Ni Barasa aliyemwinamisha mbele, akamshika mabega, akamwambia polepole mama, polepole, mpaka pumzi ikarudi. Manukato yake yalijaa nyumba nzima.

Alipoondoka, Wayua alinishika shati.

"Baba Kaveke," akasema, "naogopa."

Tangu nimwoe sijawahi kumsikia akisema hivyo. Hata siku ya kumzaa Kaveke aliniogopesha mimi. Baadaye akasema kitu kibaya zaidi. Akasema labda madaktari wanasema kweli. Labda hakuna ugonjwa. Labda anajitakia mwenyewe bila kujua.

Nikamwambia hiyo kope haina akili ya kujitakia. Akageukia ukutani.

Barasa amempigia simu mke wa mkubwa wake kazini, ambaye anamjua mtaalamu wa neva pale Thika, anaitwa Daktari Aoko. Tumepata nafasi Jumatatu. Lakini ni asubuhi! Asubuhi tena!

Nitafanya mpango. Wayua hataambiwa.

Jumatatu, 9 Juni

Mpango ulikuwa rahisi. Kama ugonjwa unakuja akichoka, basi achoke mapema.

Nilimwamsha kabla ya jogoo. Tulipofika Thika nikajifanya nimepotea njia. Tukatembea mtaa wote wa Kamenu, tukapita kanisa moja mara mbili. Wayua akauliza kama kuna makanisa mawili au ni macho yake. Nikasema ni mawili. Mungu anisamehe. Nikamnunulia mahindi ya kuchoma, yale makavu, nikamsihi ayamalize. Kwenye foleni nikasema nimesahau miwani, anisomee Biblia kidogo kwa sauti. Zaburi ya mia moja na kumi na tisa. Ndiyo ndefu kuliko zote.

Alisoma. Katikati sauti ikaingia puani. Kope ikaanza kushuka. Nilifurahi! Nilikuwa karibu kupiga makofi!

Kisha nesi akaita jina lake, na Wayua hakuweza kuinuka. Kichwa kikainama, shingo ikashindwa kukibeba. Akanitafuta kwa lile jicho moja. Hakuwa amekasirika. Alidhani tu kwamba siku yake imefika.

Nilimwingiza nikiwa nimembeba. Ni mwepesi siku hizi. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo.

Daktari Aoko ni mama mnene mwenye sauti ya chini. Akauliza leo amefanya kazi gani. Nikasema hakuna. Akaniangalia. Nikasema yote, mahindi na Zaburi.

"Mzee, kuna misuli ya kutafuna, na kuna misuli ya kupumua. Ungechosha ile ya pili, saa hii tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Nikakaa chini.

Akaagiza barafu kutoka friji ya jikoni. Akaitia kwenye glavu, akaiweka taratibu juu ya jicho lililolala. Tukangoja. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Wazi kabisa! Wayua akanitazama kwa macho yote mawili.

"Umevaa shati ndani nje," akasema.

Daktari akaeleza. Neva hutuma ujumbe kwa misuli, na kwa Wayua ujumbe unapotelea njiani. Mwili wenyewe ndio unaziba njia. Ndiyo maana misuli inachoka haraka na kupona ikipumzika. Barafu huifungua njia kidogo. Damu itapimwa kuthibitisha, lakini yeye ana hakika. Ugonjwa unaitwa maiastenia. Hauishi, ila unatulizwa kwa dawa, na watu huishi nao miaka mingi.

Wayua akaanza kulia. Nikamwambia asilie, kuna dawa. Akatikisa kichwa.

"Si hiyo. Ni kwamba sikuwa nadanganya."

Daktari alimwachia muda wake wote.

Tulipokuwa tunatoka nikamuuliza daktari, pembeni, kama angeugundua bila ule mpango wangu. Akasema alikuwa amwambie tu aangalie dari kwa dakika moja. Ingetosha.

Dakika moja! Dari!

Alhamisi, 19 Juni

Damu imesema ndiyo. Ni maiastenia. Vidonge vimeanza kazi. Leo jioni Wayua amekula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na nyama, ametafuna mwenyewe mpaka mwisho. Barasa amekuja kumjulia hali, bila manukato. Amekaribishwa chai. Vikombe vilikuwa vitatu, na vyote vilikuwepo.

Daktari Aoko amempa barua ya kwenda Nairobi kupigwa picha ya kifua. Kuna tezi huko ambayo wakati mwingine ndiyo chanzo. Amenionya tena. Kukiwa na jambo nimpigie simu, niseme ukweli, basi. Hakuna ujanja. Nimeapa mbele ya Wayua, mkono juu. Nilimaanisha kila neno.

Ijumaa, 20 Juni

Nairobi wamempa nafasi mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa! Nani anaweza kungoja mwezi wa tisa?

Nimesikia wachungaji hawakai foleni.

Nilikuwa jikoni nakata mfuniko mweupe wa mkebe wa siagi kutengeneza kola, Wayua akaingia. Akauliza hiyo ni nini. Nikasema ni faneli ya mafuta ya taa. Akanikumbusha kwamba tunapikia gesi.

Alinitazama kwa muda. Nikangoja kugombezwa. Alikuwa na haki.

Akaichukua, akaizungusha shingoni mwangu, akasema imebana, hata mchungaji lazima ameze mate. Akaenda kuleta futi yake ya kushonea.

Barasa amekubali kuwa shemasi. Bwana asifiwe.